Nzi bapa wa mbwa na mbung'o wa porini: ni ndugu, lakini yupi analeta malale?

"Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Idodi, Iringa Vijijini, kando ya barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Nina ng'ombe kumi na wanne na mbwa wawili wa kuchungia. Wiki tatu zilizopita mdogo wangu alipeleka mifugo malishoni karibu na pori, na mbwa waliporudi niliwakuta na nzi wa ajabu: bapa, wa kahawia, wenye mabaka meupe mgongoni, wanaokimbia kiubavu ndani ya manyoya, na ukiwabana kwa vidole hawafi. Wanaofanana nao nimewaona pia chini ya mkia wa ng'ombe. Jirani yangu, mzee wa siku nyingi hapa, anasema hao ni mbung'o wachanga, kwamba wametoka kwa simba, na kwamba wakishakomaa wataleta malale kwa watu na mifugo. Mdogo wangu naye aling'atwa shingoni na mbung'o wa kawaida siku hiyohiyo. Palivimba na kuwasha kwa siku mbili, kisha pakapona. Je, hawa ni wadudu wa aina moja? Wote wanaambukiza? Nimeshauriwa niwachome ng'ombe wote sindano ya nagana, yaani malale ya mifugo, na duka la dawa za mifugo liko tayari kuniuzia. Nifanye nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Ninavyokuelewa, una hofu tatu zilizofungwa katika furushi moja: kwamba mbwa wamekuletea malale nyumbani, kwamba mdogo wako huenda amekwisha kuambukizwa, na kwamba ng'ombe wote wako hatarini. Nitakupa kwanza jibu fupi ili ulale usingizi, halafu nitaeleza sababu zake. Nzi bapa uliowakuta si mbung'o, hawatakuwa mbung'o hata wakae mwaka mzima juu ya mbwa, na hawaleti malale. Mbung'o aliyemng'ata mdogo wako ndiye wa kufuatiliwa, ingawa dalili ulizozitaja mpaka sasa si za ugonjwa. Na sindano usiinunue kabla ng'ombe hawajapimwa damu.

Mzee wako, hata hivyo, usimdharau, kwa kuwa katika mambo matatu aliyoyasema moja ni kweli na jingine linaikaribia kweli. Nzi mwenye mabaka ya rangi ya maziwa mgongoni, anayepatikana kwenye mbwa, kwa maelezo yako ni yule ambaye wataalamu wanamwita Hippobosca longipennis. Huyu ni mdudu wa wanyama walao nyama: huishi kwa simba, duma, fisi na mbweha, na hapo ndipo mbwa wa kijijini anapoingia katika orodha, kwa kuwa kwa mdudu huyu mbwa ni mmoja wa jamii ileile. Mbwa anayepita mahali walipolala fisi au simba anaweza kabisa kurudi na nzi hao. Wale wa chini ya mkia wa ng'ombe ni wa jenasi hiyohiyo ya Hippobosca, lakini kwa kawaida ni wa spishi nyingine, zinazopendelea wanyama wenye kwato, wa kufugwa na wa porini. Hupenda sehemu hiyo ya mwili, na katikati ya mapaja ya nyuma, kwa sababu manyoya yake ni haba na ngozi ni laini.

Jambo linaloikaribia kweli ni la undugu. Mbung'o na nzi bapa ni wa ukoo mmoja, na ukoo huo una tabia isiyo ya kawaida kabisa miongoni mwa nzi. Nzi wa nyumbani hutaga mayai mengi kwenye uchafu na kuyaacha. Jike wa mbung'o, na vilevile jike wa nzi bapa, hutengeneza yai moja tu kwa wakati, yai hilo huanguliwa ndani ya tumbo lake, na buu anayetoka humo hulelewa palepale kwa majimaji yenye lishe yanayotoka kwenye tezi maalumu za mama, majimaji ambayo wanasayansi hawaoni taabu kuyaita maziwa. Buu huzaliwa akiwa amemaliza kula kila atakachokula katika hatua hiyo ya maisha. Kwa mbung'o, buu huyo hujichimbia mwenyewe kwenye udongo laini wa kivulini, ngozi yake hugeuka ganda gumu jeusi, na humo ndani hujibadilisha kwa kiasi cha mwezi mmoja, zaidi kama kuna baridi, mpaka atoke akiwa nzi kamili. Nzi bapa wa mbwa na wa ng'ombe hufanya karibu vivyo hivyo, isipokuwa jike humwacha mnyama kwa muda mfupi tu, akamzaa buu wake katika ufa wa ukuta, chini ya majani makavu au kwenye udongo mkavu wa zizi, kisha akarudi.

Kutokana na hayo unaweza kuona kwa nini hakuna mbung'o wachanga wa kukimbia ndani ya manyoya. Nzi akishatoka kwenye ganda lake haongezeki ukubwa wala habadiliki umbo. Mbung'o wa leo asubuhi ana urefu uleule atakaokuwa nao siku ya kufa, ana mabawa yaleyale na ana mrija uleule wa kunyonyea. Mdudu mdogo au bapa unayemwona leo atabaki hivyo hivyo.

Kuwatofautisha kwa macho si kazi ngumu ukijua pa kuangalia. Mbung'o akitua, mabawa yake hulaliana moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mrija wake hutokeza mbele ya kichwa kama sindano iliyonyooshwa. Mwili wake ni wa mviringo, wa kahawia au kijivu, na ukimpiga vizuri hupasuka kama nzi mwingine yeyote. Nzi bapa amebanwa kutoka juu kwenda chini, ngozi yake ni ngumu kama ya viatu, miguu yake imetanuka pembeni na ina kucha za kushika unywele, ndiyo maana hukimbia kiubavu na ndiyo maana vidole vyako havimuui. Wengi humdhani kupe mwenye mabawa, lakini kupe si mdudu hata kidogo: mhesabu miguu, kupe aliyekomaa ana minane, na nzi bapa ana sita.

Kuna ndugu yao mwingine ambaye huwachanganya zaidi watu wa vijiji vya jirani na hifadhi, naye ni Lipoptena, anayeishi juu ya swala na pongo. Huyu hutoka kwenye ganda akiwa na mabawa, huruka mara moja kumtafuta mnyama, na akishampata mabawa yake hukatika na kuanguka, kwa kuwa hana safari nyingine. Mtu aliyeshika mzoga wa mnyama wa porini anaweza kuwakuta wakimpanda mikononi, kwa sababu mwili wa mnyama unapopoa wadudu hawa huukimbia na kutafuta joto jingine.

Sasa tuje kwenye tofauti ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kila kitu, kuanzia ugonjwa mpaka dawa. Mbung'o ni mgeni wa dakika moja, na nzi bapa ni mpangaji. Mbung'o hutumia sehemu kubwa ya maisha yake amejibanza kwenye gome la mti au chini ya tawi, mahali penye kivuli na ubaridi kidogo. Kila baada ya siku mbili au tatu njaa humtoa, huvutwa na harufu ya pumzi na mkojo wa mnyama na zaidi na kitu kikubwa cheusi kinachosogea, hunyonya kwa haraka damu inayoweza kufikia uzito wake mwenyewe, kisha hurudi kwenye mti akiwa mzito kiasi cha kushindwa kuruka vizuri. Leo atakunywa kwa nyati, keshokutwa kwa ngiri, na baada ya hapo kwa ng'ombe wako au shingoni mwa mdogo wako. Ndiyo maana pia magari yaendayo Msembe, ndani ya hifadhi, hufuatwa na kundi la mbung'o: kwao gari ni mnyama mkubwa, mweusi na mwenye joto, anayekimbia.

Nzi bapa hana haja ya safari hizo. Anaishi juu ya mnyama, anakunywa damu kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, dume na jike pia, na akiondolewa pale hawezi kustahimili siku nyingi. Huweza kuhama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine, na akikosa mnyama wake anaweza kumng'ata mtu, tena kwa uchungu, lakini hatembelei spishi tano katika wiki mbili kama mbung'o. Na mdudu asiyehamahama kutoka mnyama wa aina moja kwenda wa aina nyingine ana nafasi ndogo ya kuubeba ugonjwa wa porini na kuuleta nyumbani.

Kuhamahama peke yake bado hakutoshi kumfanya mdudu kuwa mwambukizaji wa malale. Vimelea vinavyosababisha malale ya watu na nagana ya mifugo vinaitwa tripanosoma, na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, ndiye aliyeonyesha huko Zululand, Afrika Kusini, katika miaka ya 1890 kwamba nagana husababishwa navyo na kwamba hubebwa na mbung'o. Vimelea hivi havibebwi kama matope kwenye kiatu. Mbung'o anapomeza damu yenye vimelea, vile vya aina ya brucei lazima kwanza viishi kwenye utumbo wake, vibadilishe umbo na hata chakula, visafiri mpaka kwenye tezi za mate, na huko vibadilike tena kuwa vya kuambukiza. Safari hiyo huchukua takribani wiki tatu hadi tano, na ndani ya mbung'o wengi vimelea hushindwa kuimaliza: katika mapori mengi wenye vimelea vya brucei kwenye tezi za mate hawafikii hata mmoja kati ya mia. Vimelea vya congolense na vivax, ambavyo ndivyo vinavyotesa zaidi ng'ombe, vina njia fupi zaidi na hupatikana kwa mbung'o wengi zaidi. Mbung'o hazaliwi na vimelea, kwa kuwa mama hampi mwanawe, lakini akishaambukizwa hubaki hivyo maisha yake yote.

Ndani ya mwili wa nzi bapa, vimelea hivi havina njia hiyo ya kufika kwenye mate. Ndugu yao asiye na mabawa, anayeishi kwenye sufu ya kondoo, hubeba tripanosoma ya kwake ambayo hukua kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo na kutoka na kinyesi, na kondoo huipata kwa kumtafuna mdudu anapojikuna kwa meno. Nayo kwa kawaida haimdhuru kondoo. Nzi bapa wa mbwa anaweza kumpitishia mbwa aina ya minyoo midogo ambayo mara nyingi haileti ugonjwa wa maana, na wa njiwa hupitisha kimelea cha damu cha njiwa. Hayo ndiyo mambo yake. Akiwa mwingi sana humchosha mnyama kwa mwasho na kumpunguzia damu, hasa watoto wa mbwa, na kwa sababu hiyo pekee anastahili kuondolewa.

Pengine utauliza: kama mbung'o wa Ruaha ni wengi hivyo na watu wanang'atwa kila siku, mbona malale ni nadra? Sababu ya kwanza ni hiyo ya vimelea kushindwa safari. Ya pili imo ndani ya damu yetu wenyewe. Damu ya binadamu ina protini inayoua karibu tripanosoma zote za wanyama, zikiwemo congolense na vivax, ndiyo maana mchungaji anaweza kubaki mzima huku ng'ombe wake wakidhoofika. Aina iitwayo Trypanosoma brucei rhodesiense ndiyo yenye kinga dhidi ya protini hiyo, na ndiyo inayoleta malale upande wetu wa Afrika. Aina hii hukaa kimya ndani ya wanyama wa porini kama pongo na ngiri, na pia ndani ya ng'ombe, bila kuwaumiza sana. Nadra, basi, haina maana ya haipo, na mtu anayeishi Idodi au anayechimba dhahabu katika mapori ya Chunya hapaswi kuyapuuza malale kama anavyoweza kuyapuuza mtu wa Njombe au Makete, ambako baridi haimruhusu mbung'o kuweka makao. Mbung'o ni nadra sana juu ya mita 1,800 hivi. Ubaridi humzuia kuruka na huwaua wale walio bado kwenye maganda.

Kuhusu mdogo wako. Uvimbe unaowasha unaotokea siku ileile ya kung'atwa ni mwili unaopambana na mate ya nzi, na kupona kwake ndani ya siku mbili ni jambo la kawaida. Alama ya maambukizi huja kwa utaratibu mwingine: baada ya siku tano hadi kumi na tano hivi hujitokeza mahali palepale uvimbe mwekundu, mgumu na wenye maumivu, ambao unaweza kuwa kidonda, halafu hufuata homa za kuja na kuondoka, kichwa kuuma sana, maumivu ya viungo na kuvimba kwa tezi. Si kila mgonjwa hupata kidonda hicho. Malale ya rhodesiense hayasubiri miaka: homa huanza mara nyingi ndani ya wiki tatu, na bila tiba mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku, na kufa ndani ya miezi. Kwa kuwa wiki tatu zimekwisha kupita na yeye ni mzima, nafasi kubwa ni kwamba ameepuka, lakini muangalieni kwa miezi miwili au mitatu zaidi. Asimeze dawa yoyote ya kujikinga, kwa sababu hakuna dawa ya kuzuia malale wala chanjo yake kwa binadamu.

Hapa nataka unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika jibu hili. Homa ikimpata, mpeleke siku hiyohiyo kituo cha afya na mseme kwa sauti kwamba aling'atwa na mbung'o karibu na hifadhi. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kutoboa kidole na kusoma mistari, hakiwezi kuona tripanosoma. Kitasema hakuna malaria na mtarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Damu ikiangaliwa kwa hadubini, mtu huyohuyo anayetafuta malaria anaweza kuviona vimelea vya malale vikijinyonganyonga kati ya chembe za damu. Ombeni hadubini. Na kama malaria imeonekana, ikatibiwa, na homa haijashuka, rudini tena, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili. Ugonjwa ukigunduliwa mapema unatibika. Tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa aina hii ya malale, kwa wagonjwa wa miaka 6 na kuendelea wenye uzito usiopungua kilo 20. Hayo ni maendeleo makubwa, kwa sababu hapo awali aliyefikia hatua ya ubongo alitegemea dawa yenye arseniki ndani yake, ambayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa. Dawa za malale hupatikana bila malipo kupitia shirika hilo, kwa hiyo asitokee mtu wa kukuuzia.

Tuje kwa ng'ombe. Nagana ipo katika maeneo kama yenu na inaweza kuwa ndiyo hasara kubwa zaidi ambayo mbung'o atakuletea. Mnyama hukonda ingawa anakula, manyoya husimama, ufizi na ngozi ya ndani ya jicho hupauka kwa kukosa damu, homa huja na kuondoka, maziwa hupungua, na jike mwenye mimba anaweza kuitupa. Tatizo ni kwamba dalili hizo karibu zote zinaweza pia kuletwa na magonjwa ya kupe kama ndigana kali na ndigana baridi, au na minyoo, na dawa ya moja haitibu nyingine. Hukuniambia kwamba kuna ng'ombe anayeumwa. Umeniambia tu kwamba kuna nzi chini ya mkia. Nzi hao, kama nilivyoeleza, si sababu ya kuchoma sindano.

Dawa zinazotumika ni mbili hasa. Diminazini hutibu mnyama aliyeambukizwa lakini haimkingi kwa muda wa maana. Isometamidiamu hutibu na pia hukinga kwa miezi miwili hadi minne kutegemea kipimo na mazingira, na inafaa pale ambapo unajua utapeleka ng'ombe kwenye pori la mbung'o kwa msimu. Ukimchoma kila ng'ombe kila unapopata wasiwasi, tena kwa kipimo pungufu ili chupa itoshe, unawafundisha vimelea kuizoea dawa, na siku ya ugonjwa wa kweli haitafanya kazi. Jambo hilo limekwisha kutokea sehemu nyingi za Afrika. Sindano moja ikipita kwa ng'ombe kumi na wanne pia inaweza kuhamisha ndigana baridi kutoka kwa mmoja hadi kwa wote. Mwite afisa mifugo wa kata achukue damu za ng'ombe kadhaa, wakiwemo waliokonda. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo Iringa mjini. Wakionekana wenye vimelea, watibiwe hao kwa kipimo kinacholingana na uzito wao.

Kwa kujikinga na mbung'o, njia ninayoipendelea kwa mfugaji wa hali yako ni kumfanya ng'ombe mwenyewe awe mtego, kwa dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo zimeigwa kutoka kwenye nguvu ya maua ya pareto yanayolimwa hukuhuku Mufindi na Makete. Uangalie kibandiko cha dawa. Amitrazi, ambayo wafugaji wengi hutumia kwenye josho au bomba, ni nzuri kwa kupe lakini haina maana kubwa kwa mbung'o, na mara nyingi nimemsikia mfugaji akilalamika kwamba dawa ni feki kumbe alinunua dawa ya kazi nyingine. Mbung'o wa mbugani hupenda kunyonya kwenye miguu na tumbo la ng'ombe wakubwa, kwa hiyo kupaka dawa sehemu hizo za wanyama wakubwa kunapunguza gharama sana bila kupoteza nguvu nyingi, kunawaachia ndama nafasi ya kujenga kinga dhidi ya magonjwa ya kupe, na kunapunguza sumu inayofika kwenye kinyesi na kuua mende wanaorutubisha udongo. Nzi bapa wa chini ya mkia nao huuawa na dawa hiyohiyo ukiipitisha hapo.

Uzazi wa mbung'o unatupa hapa bahati ambayo hatuna kwa mbu. Jike anayezaa mtoto mmoja kila baada ya siku tisa au kumi hawezi kufidia vifo vingi; inakadiriwa kwamba kuua asilimia 4 tu ya majike kila siku, mfululizo, kunatosha kuliangusha kundi. Tatizo ni neno mfululizo, na tatizo jingine ni kwamba pori lililo jirani halina mwisho. Unguja ilimaliza mbung'o wake kwa kutumia dawa na kisha kuachia madume waliofanywa tasa, na tangu mwaka 1996 hajaonekana tena, lakini Unguja ni kisiwa na ilikuwa na spishi moja. Ninyi mna hifadhi ya karibu kilomita za mraba 20,000 mlangoni. Mtego mmoja wa kitambaa cha bluu na cheusi ukiuning'iniza nyuma ya nyumba yako utakuonyesha kama mbung'o wapo, na hilo ni jambo la maana, lakini hautakupunguzia kitu. Mitego na vitambaa vyenye dawa hufaa vikiwekwa na kijiji kizima, kwa ushauri wa idara ya mifugo na ya hifadhi. Mapendekezo ya kufyeka msitu au kuua wanyama, yaliyotekelezwa enzi za wakoloni huko Shinyanga, usiyakubali. Yana hasara kubwa na siku hizi ni kinyume cha sheria. Mdogo wako na wachungaji wengine waache nguo za bluu na nyeusi, wavae za kaki au za rangi hafifu, nzito kiasi, kwa kuwa mbung'o hupenya kitambaa chepesi.

Mbwa ndio kazi nyepesi zaidi. Tafuta dawa ya pairethroidi au ya unga iliyoandikwa kwamba ni ya mbwa, usichanganye ya ng'ombe kwa kukisia, na kama una paka usimpake kamwe, kwani permethrini inaweza kumuua. Nzi unaoweza kuwakamata kwa mkono au kitana uwatumbukize kwenye maji yenye sabuni nyingi. Kisha fagia wanapolala mbwa, choma majani ya zamani na uzibe nyufa za ukuta ulio karibu, kwa maana humo ndimo maganda yenye nzi wajao yalimo; usipofanya hivyo utapaka dawa leo na kuwaona wapya baada ya wiki kadhaa.

Macho ya mbwa, hata hivyo, uyaangalie kila wiki. Mbwa hupata tripanosoma kwa mbung'o kama ng'ombe, na kwao ugonjwa huwa mkali. Dalili moja inayoonekana kirahisi ni jicho kuwa na ukungu wa kibuluu au mweupe, pamoja na homa, kukonda na kuvimba uso. Ukiona hivyo mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa na bila kumchoma mwenyewe, kwa sababu kwa mbwa tofauti kati ya kipimo cha diminazini kinachotibu na kile kinachoharibu ubongo ni ndogo. Unapokwenda, chukua pia nzi bapa wawili au watatu kwenye kichupa chenye spiriti, wa mbwa mbali na wa ng'ombe mbali, na uandike tarehe na mahali mifugo ilipochungwa. Daktari atawatambua papo hapo, na mzee jirani yako anaweza kwenda pamoja nawe akajionee mwenyewe.